Picha na Msimulizi Wake: Tangu Moto wa Jioni Mpaka Simu ya Mfukoni

Mazungumzo ya radio juu ya amani, yaliyoandikwa kwa ajili ya familia zilizohama vita na viongozi wa vijiji vya Masisi na Walikale

 

Mada yetu ya leo ni picha: picha ya sinema, picha ya televisheni, picha ya video, na picha inayotoka katika simu. Pengine mtu atasema: sisi tunatafuta unga na hema, picha inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu siku hizi mara nyingi habari inayofanya watu wakimbie usiku, au inayofanya vijana washike panga, inafika kwanza kama picha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba mwenye macho anahitaji pia kuambiwa: picha hii ni ya wapi, ni ya lini, na nani anayeisimulia?

Basi tufuate historia hiyo hatua kwa hatua. Katika kila hatua tutauliza swali moja: aliyesimama kando ya picha na kuisimulia alikuwa nani?

1. Msimulizi aliyejulikana

Zamani, kabla ya mashine, picha zetu zilitoka mdomoni. Wakati wa jioni watu walikaa kando ya moto, mzee akasimulia, na kila mtu akaona kwa akili yake. Walikale inao ushahidi mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alimsikiliza Munyanga mmoja aliyeitwa Candi Rureke akisimulia hadithi ndefu ya Mwindo. Rureke aliimba, alicheza, na aliigiza kwa muda wa siku kumi na mbili, na watu wakaitikia nyimbo. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Munyanga mwenyewe, walitoa hadithi hiyo katika kitabu mwaka 1969, na leo inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Wengi wenu mnaijua. Chifu Shemwindo anakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, baba yake anajaribu kumwua mara nyingi, kisha baba anakimbia. Mwana anamfuata mpaka chini ya ardhi. Lakini hamwui. Anamrudisha kijijini, wanakaa mbele ya watu wote, Shemwindo anakiri makosa yake, shangazi Iyangura naye anatoa maneno yake, na mwishoni nchi inagawanywa, kila mmoja atawale upande wake. Tazameni: vita ya nyumba moja inakwisha kwa kikao cha wazi, ambamo mwenye kosa anasema na mwanamke anasikilizwa.

Msimulizi wa wakati ule alikuwa na alama moja kubwa: alijulikana. Watu walijua uso wake, ukoo wake na kijiji chake. Kama akisema uongo juu ya mtu, mtu huyo au ndugu yake alikuwa pale, aliweza kusimama na kumjibu.

2. Sinema ya misioni

Wabelgiji walileta picha inayotembea. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, mapadri walianzisha kazi ya kutengeneza filamu kwa ajili ya Wakongomani. Hapa Kivu, Padri De Vloo wa shirika la Mapadri Weupe aliongoza Africa Films mjini Bukavu. Kule Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza michezo ya kuchekesha ya Matamata na Pilipili. Filamu zilibebwa kwa motokari mpaka kwenye misioni na kwenye kambi za wafanyakazi. Kitambaa cheupe kilitundikwa, jenereta ikawashwa, na watu wakajaa.

Kando ya mashine alisimama msimulizi: padri au msaidizi wake, mwenye kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya watu kile walichokiona. Huyo naye alionekana na alijulikana. Lakini kulikuwa na tofauti: hakuna aliyeweza kumjibu. Serikali ya kikoloni iliweka kamati ya kuchuja, na filamu nyingi walizoziona Wazungu zilikatazwa kwa Waafrika. Wakoloni waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu anaiba, anapigana au analewa, heshima itakwisha. Filamu za kuchekesha nazo mara nyingi zilimwonyesha Mwafrika kama mtoto wa kufundishwa. Tangu hapo tulianza kuonyeshwa sura yetu wenyewe kupitia jicho la mwingine.

3. Uso mmoja juu ya mawingu

Televisheni ilianza Kinshasa mwezi wa kumi na moja mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kushika utawala. Wazee wanakumbuka jinsi habari ilivyofunguliwa: uso wa Rais ulishuka kutoka mawinguni. Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale televisheni haikufika, lakini uso ule ulifika. Ulikuwa kwenye feranga, kwenye ukuta wa ofisi, kwenye kitenge walichovaa wamama siku ya sikukuu ya chama, na kwenye alama iliyobandikwa kifuani.

Hapo msimulizi alikuwa mmoja kwa nchi nzima. Faida yake ilikuwa kwamba watu wa makabila mbalimbali walitazama kitu kimoja. Hasara yake ilikuwa kwamba ugomvi wetu wa kweli, juu ya ardhi, juu ya uchifu, juu ya uraia, haukuonekana katika picha ile. Ulifichwa chini ya ngoma na nyimbo za chama. Siku Mobutu aliporuhusu vyama vingi, tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990, ugomvi uliofichwa ulitoka nje, nasi hatukuwa na mazoea ya kuuzungumza hadharani.

4. Mwaka 1993: vita bila simu

Mwezi wa tatu mwaka 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na zaidi ya watu 200,000 walihama.

Jambo hili tulishike vizuri. Mwaka ule hakuna mkulima wa Ntoto aliyekuwa na simu mfukoni. Uvumi ulitembea kwa miguu, kutoka soko mpaka soko, kutoka kilima mpaka kilima, na bado uliua. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba vita yetu imeletwa na simu na video wanakosea. Mzizi ni ardhi, mamlaka, woga na ukosefu wa haki. Mashine inaongeza mwendo tu.

Na amani ya wakati ule, ingawa ilikuwa fupi, ilikuja namna gani? Mwishoni mwa 1993 na mwanzoni mwa 1994 wazee, makanisa na vyama vya maendeleo walikaa pamoja katika siku za mazungumzo, na utulivu ulianza kurudi. Kisha mwezi wa saba mwaka 1994 wakimbizi wengi sana walivuka kutoka Rwanda, pamoja na wanajeshi na wanamgambo wenye silaha, na kazi ile ikavunjika.

Kule Rwanda kwenyewe tuliona maneno na picha vikiwa silaha. Gazeti la Kangura lilichapa katuni za kudharau kabila zima, na radio RTLM, iliyoanza mwaka 1993, iliwaita jirani wadudu na kuhimiza mauaji. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu watu watatu wa vyombo hivyo. Mwaka 2007, katika rufaa, adhabu zao zilipunguzwa, lakini hukumu haikufutwa yote. Somo linabaki: msimulizi anayechochea mauaji anaweza kuitwa mbele ya jaji, hata kama hakushika panga.

5. Picha iliyorudisha watoto

Lakini mwaka uleule, katika kambi zilezile za kando ya Goma, Kibumba, Katale, Mugunga na nyingine, picha ilifanya kazi nyingine. Maelfu ya watoto walipoteza wazazi katika msongamano na kipindupindu. Wengi walikuwa wadogo mno. Hawakujua jina la baba wala la kijiji. Halmashauri ya Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine walipiga picha za watoto, wakaandika namba chini ya kila uso, wakazibandika juu ya mbao. Mpiga picha Reza, mzaliwa wa Iran, aliwafundisha wakimbizi wenyewe kupiga picha hizo. Wazazi walipita mbele ya mbao polepole, uso kwa uso. Wengine walipata mtoto waliyemlilia kama marehemu.

Kwa nini picha hizi zilisaidia? Kila moja ilikuwa na namba, tarehe na mahali, na kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Mzazi aliyesema "huyu ni wangu" hakupewa mtoto palepale. Aliulizwa maswali, na mtoto naye aliulizwa. Picha ilikuwa mwanzo wa uchunguzi. Haikuwa mwisho wake.

Wakati huohuo, toka mwaka 1994 mpaka 1996, Radio Agatashya, yaani mbayuwayu, ilisema kutoka Bukavu ili wakimbizi wapate habari zisizo za chuki. Shirika lililoiendesha, Fondation Hirondelle, ndilo lililoshirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Radio Okapi mwezi wa pili mwaka 2002.

6. Nyumba ya video

Baada ya televisheni ya serikali ilikuja kaseti ya video. Kwa jenereta ndogo, televisheni moja na mabenchi, mtu aliweza kufungua biashara senta yoyote, hata kambini kwa wachimbaji. Vijana walilipa kidogo, wakaona Bruce Lee, Rambo, Commando, kisha filamu za Kihindi, za Nigeria na za Tanzania.

Wazazi wengi walilalamika, na wana haki. Mtoto aliacha masomo, na filamu za watu wazima zilionyeshwa bila kuangalia umri. Lakini tusiishie hapo. Mtaalamu Paul Richards, aliyechunguza vita ya Sierra Leone, aliandika mwaka 1996 kwamba vijana wa kule hawakumpenda Rambo kwa sababu ya damu tu. Walimwona ni mtu aliyefukuzwa na wakubwa wa mji, akaishi msituni kwa akili yake mwenyewe. Walijiona wao. Kama kijana wa Masisi au Walikale anampenda mpiganaji wa sinema, tumwulize kwanza: ni nani aliyekufukuza? Unataka heshima gani ambayo huipati kijijini? Jibu lake litatufundisha kuliko kuvunja televisheni.

Na katika nyumba ya video msimulizi alirudi. Kule Tanzania na Uganda watu walizoea kusimama na kipaza sauti, wakitafsiri filamu ya kigeni na kuongeza maneno yao. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala, ambaye kaseti zake zilisikilizwa mbali. Msimulizi huyu aliigeuza hadithi ya Hong Kong ikawa ya mtaani. Watu walicheka pamoja na kubishana pamoja. Ubishi ule, baada ya filamu kwisha, ulikuwa na maana kuliko filamu.

Watu wa amani walielewa jambo hilo. Mwaka 2007 ndugu wawili Waholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitengeneza filamu Fighting the Silence, juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa, pamoja na waume zao. Filamu ilizungushwa katika vijiji vya mashariki kwa sinema ya kutembea, na baada ya kitambaa kuzimwa watu walizungumza. Mwanaume aliyemfukuza mke wake kwa aibu aliona mwanaume mwingine, wa nchi yake, akisema uchungu wake. Filamu ilifungua mdomo. Mazungumzo ndiyo yaliyofanya kazi.

7. Jiwe letu ndani ya mashine yao

Kabla ya kusema juu ya simu, tujue inatengenezwa kwa nini. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, inatoa madini ya tantali, ambayo yanawekwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Kasiteriti ya Bisie, katika Walikale, inatoa bati la kuunganisha waya karibu katika kila chombo cha umeme. Kwa hiyo picha unayoitazama imepita, pengine, katika mikono ya mchimbaji wa kwetu.

Mwaka 2000 wenye viwanda waligombania tantali, bei ikaruka juu mno; mwaka 2001 ikaanguka. Mkulima aliyeacha maharage akachimba alijikuta hana shamba wala feranga. Kisha watu waligundua kasiteriti ya Bisie. Gunia lilibebwa mgongoni siku mbili msituni, na ndege zilitua juu ya barabara ya Kilambo kulichukua. Wenye bunduki wa pande mbalimbali walitoza kodi kila hatua.

Huko Ulaya na Marekani watu walionyeshwa picha za vita yetu, wakaambiwa: simu yako inaleta damu hii. Picha hizo zilisaidia kuleta sheria ya Marekani ya mwezi wa saba mwaka 2010, ambayo huku iliitwa sheria ya Obama. Mwezi wa tisa mwaka uleule Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu na Maniema mpaka mwezi wa tatu mwaka 2011. Nia inaweza kuwa njema, lakini wachimbaji walipoteza kazi, watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na wengi wa kijijini hawakuwa wameulizwa. Mchimbaji alikuwa ndani ya picha, lakini msimulizi alikuwa mbali.

8. Simu: picha bila uso

Simu ya kwanza ya mkononi ya nchi yetu ilianza Kinshasa mwaka 1986, na kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare. Ilikuwa nzito na ya gharama. Wakubwa tu ndio waliokuwa nayo. Toka mwaka 2000 na 2002 zilikuja Celtel na Vodacom, na simu ikaanza kufika kwa mwalimu, kwa mchuuzi, na kwa mwendesha pikipiki. Kisha ikaja simu yenye picha, pamoja na Facebook na WhatsApp.

Tuseme kwanza mema yake. Mama aliye kambini anamwona mtoto wake aliyebaki kijijini. Feranga zinatumwa bila kupita kwenye vizuizi. Familia iliyopoteza makaratasi na picha zote katika moto inaomba ndugu aliye mbali awatumie tena picha ya marehemu babu. Picha ya shamba au nyumba inaweza kusaidia kuonyesha, siku ya kurudi, nani alikaa wapi.

Lakini kwa mara ya kwanza tangu moto wa jioni, picha inatembea bila msimulizi anayejulikana. Picha ya maiti inafika usiku, na sauti isiyo na jina inasema: hawa ni watu wetu, wameuawa leo na fulani. Nani amesema? Sauti ni ya nani? Pengine picha ni ya mwaka mwingine, au ya nchi nyingine kabisa. Aliyeituma ameipata kwa mwingine, naye kwa mwingine. Kwa saa moja imefika vijiji ishirini. Asubuhi jirani hasalimiwi sokoni. Kule kwenye mbao za Mugunga picha ilikuwa na namba, mahali na mtu wa kuulizwa. Hii haina hata kimoja.

Jambo jingine ni heshima. Mtu aliyehama ana haki juu ya uso wake. Mgeni akija na kamera, mwulize: picha hii inakwenda wapi, na nani ataiona? Unaweza kukataa, na kukataa kusikunyime chakula. Mwanamke aliyebakwa, au mtoto aliyetoka katika kikundi cha silaha, akionyeshwa uso wake, anaweza kutafutwa na kuumizwa mara ya pili.

9. Turudishe barza

Mwaka 1998 wazee wa Kivu ya Kaskazini walianzisha mjini Goma kikao cha makabila, kilichoitwa Barza. Wahunde, Wahutu, Wakano, Wakumu, Wakusu, Wanande, Wanyanga, Watembo na Watutsi walikaa humo. Kilisaidia kuzima ugomvi kadhaa kabla haujawa vita. Siasa ya miaka iliyofuata ilikivunja, kabla ya uchaguzi wa 2006. Lakini wazo lake halikufa: habari ya hatari iletwe mbele ya watu wa pande zote, wakiwa na nyuso zao, kabla ya mtu kuchukua hatua.

Basi tunawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, katika kila kijiji na kila kambi wachaguliwe watu wachache, wa makabila mbalimbali, wanaume na wanawake, pamoja na kijana mmoja anayejua simu. Picha ya kutisha ikifika, iletwe kwao. Pili, kila mmoja wao awe na namba ya simu ya mtu anayeaminika katika kijiji cha pili, hasa kijiji cha kabila lingine, ili aulize: ni kweli? Ulizo moja linaweza kuokoa watu mia. Tatu, ngoma isipigwe wala watu wasiitwe kwenye silaha kwa sababu ya picha ambayo hakuna anayejua mwenyewe. Kama kuna hatari ya kweli, watu waondolewe njiani kwanza. Ulipizi si ulinzi.

Na ninyi vijana, mnaweza kuwa wasimulizi. Mjini Goma kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na Petna Ndaliko, kimewafundisha vijana kutengeneza filamu zao. Hata bila kamera kubwa, kijana anaweza kumrekodi mzee akisimulia historia ya kilima chake, na mzee wa kabila la jirani akisimulia kilima kilekile. Zisikilizwe zote mbili katika kikao kimoja.

Wasikilizaji wapendwa, mashine zitaendelea kubadilika. Lakini picha haijui kusema, watu ndio wanaosema. Basi aseme mtu tunayemjua, na awepo wa kumjibu.

 

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji au kambi yenu, habari ya hatari inafika kwanza kwa njia gani? Nani anaichunguza?
2. Mmeona picha iliyoleta woga, kisha ikajulikana si ya kweli? Nini kilitokea?
3. Wazee: zamani mtu aliyesema uongo mbele ya watu alifanyiwa nini? Leo mwenye kutuma uongo kwa simu afanyiwe nini, bila kumdhuru?
4. Ni nani wa kabila lingine mnayeweza kumpigia simu usiku huu, naye atawajibu kwa kweli?